Bi Spana na Kiti cha Mama Mkwe

Bi Spana hakuwahi kutishwa na injini. Alianza kuzifungua tangu usichana wake katika karakana ya mjomba wake, pampu za maji kwanza, kisha mashine za kusaga, na kufikia siku alipoolewa, jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika. Kabla ya kuifungua injini aliigonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, na mwenye mali akianza kumweleza ugonjwa wake, alimwinulia mkono anyamaze. Watu walisema ana maringo. Anayo, na ana haki nayo.

Sasa boti ya ukweni ndiyo iliyokuwa ikimtia aibu. Ilikuwa boti ya faiba aliyoiacha marehemu baba mkwe, ikivusha abiria kwenda ng'ambo. Mumewe ndiye nahodha, na mama mkwe, mwenye boti, alikusanya nauli. Ilitosha kabisa mpaka zilipokuja boti mpya zenye mbio, abiria wakaanza kuzisubiri hizo huku yao ikiondoka na watu wa kuhesabika. Mama mkwe akakata shauri: mnunuzi anakuja Jumamosi, na boti ikiwa bado inaburuta tumbo siku hiyo, inauzwa. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Bi Spana. Boti ikiuzwa, mumewe hana kazi, naye anarudi kwenye mashine za kusaga.

Basi akaivalia injini njuga. Alisafisha kabureta, akabadili plagi, akaipandisha injini yote tundu moja juu kwenye ubao wa nyuma ili mguu wake usikokote maji bure, kisha akafunga propela ya mapanga manne, inayouma maji vizuri zaidi. Walipoijaribu wawili tu, yeye na mumewe, boti ilinyanyua tumbo ikateleza juu ya maji, na nahodha akacheka mpaka akakaukiwa sauti. Kesho yake mama mkwe alipanda. Boti ikakaa kitako, pua juu, ikisukuma maji kwa shida zilezile za zamani.

Bi Spana alijua sababu. Tena aliijua tangu mwanzo, na nusu ya kazi ile aliifanya ili asilazimike kuitamka. Mama mkwe alikuwa mtu wa mwili, mwili hasa, na kila safari aliketi palepale, kwenye kiti cha chuma kilicho nyuma kabisa, ubavuni mwa injini, alipozoea kukaa tangu enzi marehemu mumewe akishika usukani kando yake. Sasa mama mkwe utamwambiaje kwamba uzito wake ndio unaoilemea boti? Alimwomba mumewe aseme yeye. Nahodha akakumbuka ghafla kwamba kuna kamba hajaifunga.

Jumamosi mnunuzi alikuwa ameshasimama gatini, mikono mfukoni, wakati mama mkwe alipotia mguu ndani ya boti. Bi Spana akapiga moyo konde.

"Mama, leo naomba ukae mbele."

"Kwa nini?"

Hapo angeweza kusingizia moshi, jua au kelele. Uongo wa adabu ulikuwa tele, na mumewe alikuwa akimkonyeza achague mmojawapo.

"Nyuma panalemewa, mama. Injini nimemaliza kuiweka sawa. Umebaki wewe."

Nahodha akaanza kuchunguza mawingu. Mama mkwe alimtazama mkwewe, akakitazama kiti, kisha akapita katikati ya abiria, akaketi mbele na kuwapa wote mgongo.

Boti ikaondoka, na kabla hawajalipita boya la kwanza ilikuwa imenyanyuka, inateleza, abiria wameshika kofia zao. Mnunuzi akabaki gatini, mdogo na mdogo zaidi. Bi Spana alikuwa ameshinda, ila hakuonja utamu wowote, maana mabega ya mama mkwe yalikuwa yakitikisika. Akajikokota mpaka mbele, akachuchumaa kando yake, akaanza kuomba radhi.

Mama mkwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba yenu aliniambia hivyohivyo," alisema. "Kila safari, nenda mbele mama watoto, nenda mbele. Mimi nikajua amenichoka, hataki nikae karibu naye. Nikaganda pale kwa ubishi mpaka anakufa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kumbe mwenzangu alikuwa anataka boti iende tu."

Bi Spana akaacha kuomba radhi. Akamshika mkono, nao ukamshika kwa nguvu.

"Haiuzwi," mama mkwe alisema. "Na kile kiti kesho ukifungue, ukifunge hapa." Akageuka kumtazama mwanawe, mbali kule nyuma, penye usukani. "Haya, mwambie mumeo aongeze."