Jumapili Ambayo Mama Hakusimama

Kwa miaka kumi na mmoja mama alikaa benchi la nyuma kabisa, upande wa dirisha lisilofunga vizuri. Kanisa letu la Kilutheri ni dogo, liko juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Njombe, na ukungu wa asubuhi ulipenya hapo ukamlowesha bega. Siku za Chakula cha Bwana watu waliinuka benchi kwa benchi kwenda mbele. Zamu ya benchi lake ilipofika, aligeuza magoti pembeni ili wenzake wapite. Wakirudi aliyageuza tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni kazi aliyopewa na kanisa.

Alikuwa ametengwa kwa sababu ya ulanzi. Baba alipofariki alituachia mianzi nyuma ya nyumba, na kila masika mama aligema pombe yake na kuiuza uani. Wazee wa kanisa walimwonya mara mbili. Mara ya tatu jina lake lilisomwa mbele ya washarika wote. Ulanzi huo ndio ulionisomesha, sekondari mpaka chuo kikuu. Nilipomaliza aliacha kuuza, na mwaka huohuo akamwambia mzee wa kanisa wa mtaa wetu kwamba anataka kurudi kundini.

Utaratibu wake si mgumu. Mtu anasimama mbele Jumapili, anakiri kosa, washarika wanaulizwa kama wanampokea, wanajibu ndiyo, wimbo unaimbwa, kwisha. Siku hiyohiyo anashiriki Chakula cha Bwana. Ni dakika tano hivi. Sijui kama kuna dakika nyingine maishani mwangu nilizozifikiria zaidi ya hizo.

Mimi wakati huo nilikuwa Makambako. Nilipanga chumba Mahongole, nikisimamia stoo ya viazi ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyehamia kutoka Singida. Shahada yangu ya ualimu ilikaa kwenye bahasha chini ya godoro. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Ujumbe wa simu wenye maneno matano nausoma mara sita kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena nikitafuta mahali nilipokosea. Kwa kuwa sikuwa na darasa la kufundisha, nilisoma Biblia, na nilipofika kwenye barua za Paulo nilikwama. Mtu anahesabiwa haki kwa imani, bila matendo yake. Jambo hilo nililikariri kwenye mafundisho ya kipaimara nikiwa na miaka kumi na minne, nikapasishwa, nikalisahau. Sasa lilinifikia, na nilipolielewa nilikasirika kwa ajili ya mama.

Jumamosi, siku moja kabla ya yeye kusimama, nilikwenda nyumbani. Jumuiya ya maombi ya majirani ilikuwa inakutana kwetu mchana. Mama alikuwa amekwisha kufua kitenge chake cha kanisani, kimetandazwa juu ya ua wa mianzi, na kwa baridi ya kwetu alikuwa akikishika kila baada ya muda kuona kama kimekauka.

Mzee wa kanisa aliongoza somo. Ni fundi seremala, mtu mpole, aliyetutengenezea kitanda cha baba alipokuwa mgonjwa na hakutaka kulipwa. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye neno, nami nilikuwa nalo tangu Makambako.

"Mzee, mama amesamehewa au hajasamehewa?"

"Mungu anasamehe," alisema. "Kesho kanisa nalo litampokea."

"Kama Mungu amekwisha kumsamehe kwa imani yake, kesho anasimama kufanya nini?"

"Haya, msomi ameanza," mama mmoja alisema, wakacheka.

"Neno linatuambia tuungame dhambi sisi kwa sisi," mzee alisema. "Yakobo huyo. Au Yakobo umemruka?"

"Sijamruka. Lakini hata mwanamatengenezo aliyelianzisha kanisa letu alikuwa na mashaka na barua hiyo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee alifunga Biblia yake, kidole kikiwa bado ndani.

"Mwanangu, sisi Walutheri hatuna papa, wala hatuna kitu kingine. Tuna Neno tu. Leo unamtoa Yakobo. Kesho utamtoa nani? Na siku ukitaka pa kusimama, utasimama wapi?"

"Nionyeshe basi palipoandikwa kwamba muuza ulanzi anyimwe Chakula cha Bwana miaka kumi na mmoja."

Akanitazama. Akatazama kikombe chake cha chai. "Hapo hujanionea," alisema. "Hapajaandikwa."

"Kamshinda mzee!" wakasema, na mama aliyeanza kunitania akanipiga begani. Nilijisikia vizuri. Nasema ukweli, nilijisikia vizuri kuliko siku niliyovaa joho la chuo.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama jikoni. Nikamuuliza, "Unajutia ulanzi?"

"Ningekusomesha na nini?" alisema.

"Basi kesho utasema uongo mbele ya Mungu."

Aliacha kuchochea moto. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini nilipoona limeingia niliendelea. Nilimweleza imani ni nini na matendo ni nini, na kwamba kule kusimama mbele za watu ni tendo kama matendo mengine, haliongezi kitu kwenye wokovu. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza nilipokuwa namsomea barua za shule.

"Mimi nilitaka tu kupita mbele na wenzangu," alisema. "Ule mkate wao mwembamba, unanata hapa juu. Nimeisahau ladha yake." Akaonyesha kaakaa kwa kidole. "Lakini wewe umesoma."

Kesho yake alivaa kitenge chake, akaenda kanisani, jina lake likaitwa, hakusimama. Mzee alimwita mara ya pili kwa sauti ya chini. Mama alitazama sakafu. Benchi lilipoinuka, aligeuza magoti.

Kwetu Chakula cha Bwana hakiji kila wiki, mchungaji ana mitaa mingi ya kuhudumia. Kabla hakijarudi, mama alianza kuvimba miguu, akashindwa kulala chali. Hospitali walisema ni moyo, wakampa dawa, wakamruhusu. Nilimwomba tajiri wangu siku chache, nikaenda kumuuguza.

Mzee wa kanisa alikuja siku ya tatu, asubuhi. Hakuingia, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kamwene, mwanangu. Nimeongea na mchungaji. Yuko tayari kumletea Chakula hapa hapa kitandani. Hakuna kusimama, hakuna watu. Aseme tu mbele ya wazee wawili kwamba anaomba kurudi."

Nilipaswa kumwambia karibu ndani. Niliwaza: tukikubali leo, basi nilimkosesha Jumapili ile bure. Niliwaza pia kuhusu kanuni, kwamba neema yenye sharti si neema. Nilifikiri mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, na mpaka leo siwezi kuapa ni lipi lililonijibia.

"Mama amepumzika, mzee. Tutakuja kuongea."

"Haya," alisema, akavaa kofia.

Nilipoingia chumbani mama alikuwa macho, ameegemea mito. Alikuwa amesikia yote.

"Una hakika, baba?" aliniuliza. Aliniita baba kila alipokuwa na jambo.

"Na nini, mama?"

"Kwamba nitapokelewa hivi hivi."

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu. Ndiyo. Badala yake niliiona ile Biblia iliyofungwa na kidole ndani yake, nikajiuliza mimi nimesimama wapi ili niseme ndiyo. Kama nilichagua maneno niliyoyapenda nikaacha mengine, ndiyo yangu ingekuwa ya nani? Nikaanza kueleza. Nilisema inategemea tunaelewaje imani. Nilisema wapo wanaosema hivi, na wapo wanaosema vile. Niliongea muda mrefu. Mama aliniachia kidole changu alichokuwa amekishika, akageuka upande wa ukuta taratibu, kwa sababu ya pumzi.

Siku mbili baadaye tajiri wangu alipiga simu, malori mawili yamefika, hakuna mtu stoo. Nikaenda Makambako nikijua nitarudi kesho. Nilikuwa nahesabu magunia alipopiga mzee wa kanisa. Hakutoa salamu.

Tajiri wangu alinisindikiza mwenyewe mpaka kituoni. Njiani nilimwambia yote, kwa haraka, bila mpangilio. Akasema, "Kwa nini hukumwambia ndiyo tu? Mungu angeshindwa kukurekebisha?" Nilipanda basi.

Kwa kuwa alifariki akiwa bado ametengwa, kengele haikupigwa. Jeneza halikuingizwa kanisani, na mwinjilisti hakuja na kanzu yake. Mzee wa kanisa aliomba kaburini akiwa na koti lake la kawaida, kama jirani, akashindwa kumaliza. Jeneza alilitengeneza yeye, usiku kucha, na safari hii pia alikataa malipo.

Najua hoja yangu ilikuwa sahihi. Nimeipitia tena na tena na sijaona kosa. Lakini kama haki hupatikana kwa imani, basi mama alihitaji kusikia jambo la kuamini, na mtu pekee aliyekuwa karibu naye alimpa pande mbili za mjadala. Sijui alikufa akiamini nini. Siwezi kumuuliza, na wale wanaoniambia amepumzika siwaamini, kwa sababu wanasema kwa urahisi mno.

Bado naenda kanisani nikiwa Njombe. Nakaa benchi lile, karibu na dirisha. Siku ya Chakula cha Bwana mwezi uliopita mzee alipita akanishika bega. "Wewe hujatengwa, mwanangu. Inuka." Nilimwambia nakuja. Watu wa benchi langu walianza kuinuka, nikageuza magoti wapite.