Daftari Moja la Nyumba Nzima

Jumanne, katika zahanati moja ya Kamukuywa, karani alikuwa akihamishia kwenye kompyuta yale madaftari ambayo wagonjwa huja nayo kutoka nyumbani. Mzee aliyekuwa mbele yangu alimpa lake. Karani akachapa, akasita, akafunika mdomo.

"Mzee, hapa inasema ulijifungua mapacha, ukachanjwa surua, na uko na presha."

Watu kwenye foleni walivunjika mbavu.

"Si hiyo ni daftari ya nyumba yote, bana!" mzee akamjibu karani.

"Sasa kila mtu atakuwa na yake. Presha ni ya nani?"

Mzee alivua kofia. "Ni yangu. Lakini andika kwa jina la mama watoto. Yeye ndiye hukumbuka dawa."

Nilicheka mpaka zamu yangu ikafika, karani akaniuliza natumia dawa gani. Nikatoa simu, nikampigia mke wangu aliyeko Kitale.