Kisu cha Makandi na Kinoo cha Almasi

Pale Kanyakine, Mithika alijulikana kwa mambo mawili: kunoa visu na kunyamaza. Wenye bucha walimletea visu vyao, na wakimsalimia aliwajibu kwa kuguna, kana kwamba maneno yanatozwa ushuru na kaunti. Kinoo chake kilikuwa jiwe la mto, limebonyea katikati kama godoro la mgonjwa. Jiwe lile lilitaka nguvu. Usipolilalia kwa bega zima, kisu kinatoka butu kama kilivyoingia. Ndiyo maana Mithika aliamini kwamba kazi isiyotoa jasho ni wizi wenye adabu.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mkewe Makandi alimletea kisu chake cha kumenyea ndizi, akaketi kwenye kigoda kando yake. Mithika ananoa, Makandi anaongea: nani kazaa, nani kaiba kahawa ya nani, mchungaji kanunua gari kwa dhambi za nani. Jiwe la mto halina haraka, kwa hiyo kisu kimoja kilimaliza alasiri nzima. Hivyo hivyo, miaka thelathini na mmoja.

Halafu Makandi akafa. Presha, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha mpaka wachimba kaburi wakachota maji kwa ndoo. Baada ya mazishi dada zake walikuja kugawana nguo, kama ilivyo desturi. Wakabeba vitenge, sweta, hata mwavuli. Waliacha kisu tu. Kilikuwa kimeliwa na kinoo hadi kikafanana na mwezi wa siku mbili, na hakuna dada aliyekitamani.

Ibada ya kutimiza mwaka ilipokaribia, Mithika alitaka jambo moja: wanawake wakiketi kumenya ndizi za wageni, kisu cha Makandi kiwe mkononi mwa mmoja wao. Lakini kilikuwa kimelala mwaka mzima, kimeshika kutu.

Binti yake Kaari, karani huko Meru mjini, akamletea zawadi: kibao cha chuma, bapa, cha kijivu.

"Baba, hiki ni kinoo cha almasi."

Mithika akakigeuza. "Almasi iko wapi?"

"Imesagwa ikagandishwa hapo juu. Upande huu ni namba mia tatu, unakwangua. Huu ni elfu moja, unalainisha. Nilikaa hadware saa nzima nikichagua. Kuna vile vya bei rahisi, lakini almasi yake inang'oka kama meno ya mzee."

"Mzee gani?"

"Si wewe, baba. Sasa sikiza. Weka maji kidogo, na usikandamize. Uzito wa kisu chenyewe unatosha."

Mithika akaguna.

Siku moja kabla ya ibada, aliketi mahali pake pa siku zote. Maji aliweka, nusu hiyo ya maagizo haikuhitaji imani. Kisha akalalia namba mia tatu kwa bega zima. Jiwe la mto lingebishana naye hadi jioni. Almasi haikubishana. Ilikula chuma kama kamati inavyokula harambee. Alipoinua kisu, makali yalikuwa yamejikunja kama karatasi ya sigara. Akajaribu kuyanyoosha kwa kidole gumba, kisu kikakatika katikati.

Alikaa akishikanisha vile vipande viwili, akiviachia, akivishikanisha tena.

Kesho yake, Jumamosi, alimwendea Cicily, mama yake Bundi, jirani na rafiki wa marehemu, aliyekuwa akimenya ndizi nyuma ya jiko huku mchungaji akiwachosha wageni kwa sala mbele ya nyumba. Akafungua leso, akamwonyesha.

"Mama Bundi, nimekivunja. Nilitaka kimenye leo."

Cicily akavitazama vipande. "Baba Kaari, hicho kisu hakijamenya ndizi tangu miaka miwili kabla hajafa. Ulikinoa kikaisha, kikawa kinamkata vidole. Alikuwa anamenya kwa hiki changu."

"Lakini kila Jumamosi aliniletea kikiwa butu."

"Alikisugua kwa mafiga kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwani wewe ulikuwa unakaa na yeye siku gani ingine?"

Mithika hakuguna. Akanyoosha mkono. "Lete hicho chako."

Akaleta kigoda na kinoo cha almasi. Akaweka maji. Akaanza na mia tatu, akamalizia na elfu moja, mkono mwepesi kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Cicily akajaribu kisu kwenye ndizi; ganda likaanguka lenyewe.

"Eh! Umemaliza tayari?"

"Nimemaliza."

Cicily akarudi kwa sufuria yake. Mchungaji alikuwa bado hajafika amina. Mithika akabaki kwenye kigoda, mikono magotini, alasiri nzima ikiwa mbele yake.