Saxo yenye Ilifukuza Ndagala

Kama hauyasikiaka harufu ya ndagala yenye inakauka ku muchanga wa Baraka, usijivune kama uko na pua. Saa ya jua kali ile harufu inasimama sawa muntu, inakusalimia, inakuuliza habari ya kwenu. Mi nilikomalia ndani yake. Bibi yangu alikuwaka anakausha ndagala, ile samaki yetu ndogo ya ziwa, mama yangu vilevile, na mi pia mpaka leo. Mukinipasua kifua mutakuta muchanga na vichwa ya ndagala. Lakini kuko mwaka moja, mi nikiwa katoto kenye kazi yake ni kufukuza kunguru, ile harufu ilipotea. Muchanga ulibakia mutupu, unanuka muchanga tu. Kunguru zilikonda mpaka zikaanza kutembea na miguu, mabawa ilikuwa nzito kwao. Ule njo mwaka wa saxo.

Saxo ilikuja na Etabo, kijana wa jirani yetu Mama Sifa. Batu balikuwa banarudi toka makambi ya bakimbizi kule Tanzania, kila muntu anashuka mu boti na masufuria, magodoro, kuku. Etabo alishuka na kitu imefungwa mu kikwembe ku mugongo sawa mutoto. Mama Sifa alikimbia kupokea mujukulu, anapiga vigelegele. Anafungua kikwembe, anakuta chuma ya manjano, shingo imepindana sawa ya bata. Akamuangalia kijana wake: "Etabo, mama yake njo nani?" Pwani yote ikaanguka na kicheko. Kuko muntu alicheka mpaka akajifungua, na hakuwa hata na mimba.

Muzungu moja wa kanisa njo alimuachiaka ile saxo kule kambini, kisha kumufundisha. Etabo alikuwa na ndevu chache, unaweza kuzipa majina, lakini akipuliza, mitumbwi ilikuwa inageuka kumuangalia. Nyumbani majirani balimufukuza, banasema anaamsha batoto, njo akawa anapigia pale ku maji. Sauti ilifika Kazimia. Na kule Kilembwe, mulima kisha mulima, mbuzi ilikuwa inazaa mbele ya wakati. Sisi batoto tulimuzunguka sawa inzi. Saxo ni moja, vinywa ni vingi, basi alitukatia vikonyo ya papai, ile yenye iko na tundu katikati, akatoboa matundu ya vidole, akatufundisha nazo. "Pumua na tumbo!" alikuwa analalamika. "Kifua ni ya kujivuna, tumbo njo ya kupiga!" Mi tumbo nilikuwa nayo, njaa njo ilikuwa inaijaza upepo. Na alitunga wimbo wake, wimbo wa kurudi, wenye kuanza pole sawa boti inatoka mbali, kisha inafika na bamama banalia. Kwaya moja kubwa ya Uvira ikausikia, bakamuita: akuje ku sikukuu yao, apige ule wimbo, kisha abakie kule afundishe batoto ba kanisa. Boti yake ilikuwa ya Ijumaa. Mama Sifa alitangaza ile habari mpaka kwa mbwa.

Sasa, ndagala njo ikakatika mbele ya ile Ijumaa. Giza ya mwezi iko muzuri, taa zinawaka, nyavu zinapanda mutupu. Na hapa kwetu kila muvuvi anajua: ukitaka samaki ikimbie iingie mu nyavu, unapiga mutumbwi na fimbo. Fimbo tu, samaki inatoroka. Basi bazee bakakaa, bakafikiri, bakapata akili ya kutisha. Baba mukubwa wangu Lubunga, mwenye mitumbwi mingi kupita meno yake, akasimama pale pwani.

"Kama fimbo kidogo inakimbiza samaki," akasema, "hii chuma yenye kulia sawa ngombe yenye kufa, inaikimbizia wapi? Tanzania! Leo batu ba Kigoma banavimba matumbo na ndagala yetu, juu ya huyu mutoto!"

"Baba mukubwa," Etabo akajibu, "na mi pia nakula ndagala. Upepo wa Lukuga, ule wenye kuletaka ndagala, haiyavuma bado, njo maana. Mungoje tu."

"Eh! Mupuliza chuma anatufundisha upepo!" Pwani ikacheka. Lakini ilikuwa kicheko ya njaa, yenye kuonesha meno yote. Banasemaka tumbo yenye njaa haina masikio. Mi naongeza: iko na kucha.

Bamama njo balikuwa babaya kupita. Bakamukatalia Mama Sifa nafasi yake ku muchanga. Akichota maji, bananyamaza. Akigeuka, banaanza kuimba. Na baliimba nini? Ule wimbo wa kurudi, wa mutoto wake, lakini bakageuza maneno: "Mama Sifa, mujukulu wako amemaliza ndagala, bado ananyonya?" Wimbo ulikuwa mutamu, shida ni ile. Hata mwenye kutukanwa miguu yake ilikuwa inataka kucheza.

Alhamisi asubuhi, Etabo anafua shemizi yake, shati ya kuvaa ku sikukuu ya Uvira, mama yake akapita mbele yetu na kikwembe ku mugongo. Kikwembe imebeba kitu. Alikuwa anatembea polepole, mukono moja nyuma, anaipigapiga sawa vile unanyamazisha mutoto. Akaingia mu mutumbwi wa baba mukubwa Lubunga. Hakuna mwenye alicheka. Bakapiga makasia mpaka pale maji inakuwa nyeusi. Mama Sifa mwenyewe njo alifungua kikwembe juu ya maji. Etabo alikuja mbio, shemizi mukononi inatoa maji, akaingia mu ziwa mpaka ku shingo, banaume bakamushika. Moja akamuambia ku sikio, na sisi bote tukasikia: "Acha, itajifunza kuogelea."

Na ile siku ile, saa ya mangaribi, Lukuga ikavuma. Ikavuma mpaka mabati ya soko ikapiga makofi. Asubuhi mitumbwi ilirudi imejaa karibu kuzama, ndagala inaangaza sawa feza, bamama banacheza mu maji na nguo zao. Nani angeweza kubaambia kitu tena? Baba mukubwa Lubunga, mwenye roho ya shukrani, alituma beseni ya kwanza kwa Etabo. "Aksanti, mwalimu," alisema. Ni siku ya kwanza alimuita mwalimu.

Mama Sifa aliikaanga na mafuta, nyanya na pilipili. Sisi batoto tulijaa ku mulango. Etabo alikula moja moja, na vichwa yao. Alitafuna muda murefu sana. Kisha akasema: "Mama, imekosa chumvi." Mama yake akamuletea chumvi. Ku Uvira balimutumia neno kama abakie tu kwao Baraka, batatafuta mwenye chombo chake.

Leo Baraka iko na kelele yenye saxo mia haiwezi kufikia. Kila baa ya pwani iko na baffle, spika kubwa sawa kabati, inapiga toka asubuhi, maji inatetemeka. Hakuna mwenye ametupa baffle mu ziwa, juu mwenye baa njo mwenye mitumbwi. Ziwa lenyewe limepanda, limekula nyumba ya Mama Sifa na kaburi yake, na ndagala yenye ninakausha sasa ni ndogo, unaweza kushona nayo nguo. Ule wimbo wa kurudi unaimbwa ku ndoa yote. Muulize muntu, atakuambia ni wa bababu. Etabo anaketi pale pembeni, mvi ku kichwa, anafundisha batoto na vikonyo ya papai. Saxo ingine haikukuja.

Mwezi wenye umepita, baba mukubwa Lubunga, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuja kwake na heshima yote, kofia mukononi. Mi nilikuwa pale, nasikia na haya masikio.

"Mwalimu, samaki imekatika tena. Ile siku ilifanyaka kazi. Haukubakia na ingine?"

Etabo alimuangalia. Kisha akachukua kikonyo kwa mutoto moja, akamupa muzee. Naye akakipokea na mikono mbili, akapanda mutumbwi, bakamupeleka mpaka pale maji inakuwa nyeusi, akakitupa. Saxo ilizamaka. Kikonyo ya papai inaelea. Mawimbi ikakirudisha ku muchanga mbele ya muzee mwenyewe kufika, na mutoto moja akakiokota, akapangusa, akapiga wimbo wa kurudi. Mi nikacheka mpaka nikaketi juu ya ndagala yangu. Etabo hakucheka. Alisema tu: "Na tumbo, mutoto wangu. Na tumbo."