Wimbo wa Dakika Tisa

Siku redio yetu ilipofunguliwa, mtangazaji alianza kwa kukohoa. Alikohoa kwa adabu, akagonga kopo la samli kwa kijiko mara tatu, kisha akatangaza kwa maringo kwamba hii ni sauti ya Waswahili wa Riyadh na Jeddah, na kwamba saa ni tatu kamili asubuhi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Mimi nilikuwa Aziziya, Jeddah, mbele ya sinki la madam, naosha vikombe vya wageni wa jana, earphone moja imejificha chini ya ushungi. Mimi ni Mkristo, lakini ushungi sina ugomvi nao. Hakuna vazi linaloficha waya vizuri hivyo.

Redio yenyewe ilikuwa simu tu. Unafungua linki kwenye grupu letu la WhatsApp, unasikia. Mwenye redio alikuwa mlinzi wa ghala la vigae huko Riyadh, Mkenya mwenzetu, na studio ilikuwa kibanda chake cha langoni chenye feni moja inayolia. Nyumbani alikuwa akiendesha sherehe za harusi na za matanga, na kwa kumsikia tu ungejua kwamba sauti ilikuwa ile ile kwa zote mbili. Alitaka redio ya zamani, ile ya wazazi wetu: ibada, habari, muziki, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, kufunga. Kwamba hapakuwa na mtu aliyekufa wa kutangazwa lilikuwa jambo lililomsumbua wazi kabisa.

Kila lori lilipopiga honi, alikuwa anaacha kipaza sauti akimbie kufungua lango, kukagua karatasi na kufunga tena. Kazi hiyo humchukua dakika saba hivi. Kwa hiyo mtaalamu wetu wa burudani alichagua nyimbo kwa kigezo kimoja tu: urefu. Wimbo wa dakika tatu, hata uwe mtamu namna gani, kwake haukuwa muziki.

Sasa, msidhani nilikuwa nasikiliza kwa sababu nilikosa kazi. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuja Riyadh mwaka mmoja baada ya mimi kuja Jeddah. Kazi ya nyumbani, kama yangu. Tulikuwa tunaongea kila Ijumaa, yeye akilalamika na mimi nikimwambia avumilie, kwa sababu dada mkubwa kazi yake ni kutoa ushauri usio na maana. Halafu simu yake ikafa. Wiki tisa, kimya. Ajenti aliyempeleka akasema yuko sawa, mafi mushkila, hakuna shida, na akaacha kupokea simu zangu. Mama, kule Webuye, alikuwa hasalimii tena nikimpigia. Anapokea na kuuliza, "Umempata mwenzako?" Mimi nasema bado. Yeye anakata.

Kwenye lile grupu kulikuwa na dereva mmoja wa Riyadh. Wiki moja kabla ya redio kufunguliwa, aliandika kwamba nyumba anayoendeshea imeleta dada Mkenya kutoka nyumba nyingine, mfupi, hana simu, na kila siku ya shule anakaa kiti cha nyuma kwenda kumchukua mtoto. Nilimuuliza jina lake. Hajui. Ametoka wapi? Hajui. Kwani una mdomo wa nini? Akanieleza, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba garini kuna kamera kwenye kioo, inanasa na sauti, na madam wao amepiga marufuku dereva na mfanyakazi kuongea. Dereva aliyemtangulia aliuliza tu, "Umeamkaje?" akafutwa kazi, na ikama yake, kibali cha kuishi, ikafutwa nayo. Lakini redio hawajakatazwa. Anaweza kuweka redio atakayo, kwa lugha yoyote, mradi iwe chini.

Ndipo nikakumbuka baba. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na pia mtuma salamu. Vijana wa leo hawajui ugonjwa huo. Unanunua kadi za salamu dukani, unajaza majina ya watu unaowasalimu na wimbo unaoutaka, unapeleka posta, halafu unakaa wiki tatu na redio sikioni ukingoja kusikia jina lako mwenyewe. Baba alijipa cheo cha Mzee wa Sindano. Na kila kadi aliomba wimbo ule ule: jamaa anamsihi mama mkwe amrudishie mkewe, dakika tisa nzima, dakika nne za kusihi na tano za magitaa. Ukianza, cherehani inasimama, hakuna kuongea, hakuna kupita mbele ya redio. Mdogo wangu aliuchukia wimbo huo kwa moyo wake wote. Sauti ya "mama mkwe" ikitokea tu, anatia vidole viwili masikioni na kukaza macho mpaka uishe. Baba alimpiga makofi kwa ajili hiyo, asiache.

Nikamwomba dereva aiweke redio yetu garini siku hiyo, na anieleze yule dada atafanya nini wimbo ukianza. Nikampigia mlinzi. Nikamwambia: siku ya kwanza, kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo, lile gari linangoja nje ya shule. Soma kadi yangu na upige wimbo huu. Kama ni mdogo wangu, dereva atajua. Kama siye, basi atakuwa dada mwingine aliyesikia wimbo mbaya.

"Salamu zina utaratibu, dada," akasema.

"Nimesema saa sita na nusu."

"Nimesikia. Lakini kadi zinafuata umri."

Basi tukafungua hewa, kama anavyosema yeye. Ibada ilikuwa ndefu. Habari zilikuwa kwamba Riyadh kuna joto, jambo lililowashangaza wakazi wote wa Riyadh. Lori likaja, rumba. Lori lingine, rumba tena. Adhana ya adhuhuri ilipoanza alizima kila kitu na kunyamaza kwa heshima mpaka swala ikaisha, na huo ndio ulikuwa utangazaji wake bora wa siku nzima. Mimi nikakatakata vitunguu vya wali wa kabsa, nikitazama saa ya ukutani. Madam aliingia mara mbili kusema yalla, fanya haraka, akatoka.

Saa sita na dakika ishirini na tano kipindi cha salamu kikaanza. Kadi ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Karantina, hapa Jeddah, mbeba mizigo, mtu mzima kuliko sote. Mlinzi alimpigia simu asome mwenyewe. Kosa kubwa. Mtuma salamu wa kale ukimpa nafasi ya kusoma mwenyewe, umempa shamba. Na mila ya salamu mnaijua: orodha ya mtu haikatwi. Ukimruka mmoja, umemtukana.

Mzee akasalimu wake zake wawili. Akasalimu watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Akasalimu fundi viatu aliyehamia asikokujua, mwalimu wake wa darasa la nne popote alipo, na jirani waliyekosana kwa ajili ya ng'ombe, "lakini salamu zimfikie tu." Saa sita na dakika thelathini na tatu. Akaingia ukoo wa mke wa pili.

Nikamwandikia mlinzi: *Tafadhali mkate huyo mzee, gari linaondoka.*

Mlinzi, kwa kuwa ni mtangazaji mwaminifu, akausoma hewani. "Tumepata ujumbe wa msikilizaji kutoka Aziziya," akasema kwa ile sauti ya harusi na matanga, "anasema tafadhali mkate huyo mzee."

Halafu mzee wa Karantina akasema taratibu kwamba yeye yuko katika nchi hii tangu kabla huyo msikilizaji hajaota meno, kwamba hana haraka, na kwamba alikuwa amewasahau wajomba. Akaanza wajomba. Niliweka kisu chini. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni kuku tu, tena amekwisha kuchinjwa. Wiki tisa natafuta, nimepata dakika kumi na tano, na sasa zinaliwa na wajomba wa Karantina. Nilimchukia mzee yule. Nilijichukia na mimi, kwa sababu baba yangu angefanya hivyo hivyo na ningeona fahari.

Saa sita na dakika arobaini, honi. Lori. Honi tena, ndefu, ya dereva mwenye hasira.

"Wasikilizaji wapenzi," mlinzi akasema akihema, "mzee ataendelea baadaye, kwa sasa tupate burudani." Nikasikia kiti kikianguka. Na kwa kuwa alihitaji wimbo mrefu, na mrefu kuliko zote alizokuwa nazo siku hiyo ulikuwa ule niliomtumia mimi, akaubonyeza huo. Bila kadi. Bila salamu. Maneno yangu niliyoyapanga siku tatu, kwamba mama anamsalimu, kwamba mimi niko Jeddah na sijamsahau, hayakusomwa hata herufi moja. Jamaa akaanza kumsihi mama mkwe.

Nikasimama pale na vitunguu vyangu, nikausikiliza wote. Saa saba kasorobo ilifika wakati bado anasihi.

Dereva alituma sauti saa nane kasorobo, akiwa chooni kwa kumsikia, maana sauti ilikuwa inavuma na bomba linatiririka. Niliisikiliza nikiwa nimeinama ndani ya kabati la masufuria.

"Dada," alisema, "wimbo ulipoanza yule dada alikuwa anaangalia dirisha. Halafu yule mtu akaimba kile kitu cha mama mkwe. Dada, aliziba masikio. Vidole viwili, hivi. Akakaza macho. Nikadhani anaumwa. Kumbe anacheka, na machozi yanatoka. Baadaye akatoa vidole, akaangalia redio tu. Mtoto akatoka shuleni, yule dada akashuka kumchukua. Aliporudi, mtoto alikuwa anapiga kelele, nikapunguza redio mpaka haisikiki. Akasema, anaangalia dirisha, si mimi, akasema: hata hawajafika kwa magitaa."

Nilibaki ndani ya kabati. Madam akaja, akaniona nusu yangu imetoka nje, akauliza nini. Nikasema kitunguu. Akaniangalia sana, kwa sababu kitunguu kilikuwa kimeshaiva kwenye wali, akasema halas, basi, pumzika kidogo, akaondoka. Katika miaka miwili hilo neno la kupumzika lilikuwa la kwanza. Ninalitaja kwa sababu mimi ni mtu wa haki, ingawa siyo sana.

Nikampigia mama. Akauliza, "Umempata mwenzako?"

"Ameziba masikio," nikasema.

Mama hakuuliza maana yake. Nikamsikia anakaa chini, anamwambia mtu aliyekuwa pale amletee maji.

Jioni nikampigia mlinzi, nikaomba kesho apige wimbo huo huo saa sita na dakika thelathini na tano, na auanzie katikati, pale magitaa yanapoingia.

"Haiwezekani," akasema. "Redio haianzi wimbo katikati. Huo ni uhuni."

"Hajasikia sehemu ya magitaa."

"Hata kama. Kuna utaratibu."

Nikamweleza yote: mdogo wangu, baba, makofi, vidole. Nikiongea nikajisikia sauti inakatika, jambo nisilolipenda mbele ya walinzi. Feni yake ililia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, ambayo sikujua anayo, "Magitaa yanaingia dakika ya ngapi?"

Kesho yake, saa sita na dakika thelathini na nne, aligonga kopo la samli mara moja. Akasema wimbo ufuatao unaanzia katikati kwa sababu kuna mtu alikatiziwa jana, na anayekereka akereke kimya kimya. Mzee wa Karantina aliandika papo hapo kwamba redio imekosa adabu. Magitaa yakaingia. Dakika tano. Nilikuwa napanga sahani, nikazipanga polepole.

Dereva alituma sauti mapema siku hiyo, fupi, kutoka kule kule chooni.

"Leo hakuziba masikio," alisema. "Ameusikiliza mpaka mwisho, halafu akashuka kumchukua mtoto."