Nyungu ya Kuchaji

Admini, jina langu lifiche, na kama kuna mtu wa mtaani kwetu Kiseke ananitambua humu, anyamaze. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza, kitengo cha minofu. Nina binti mmoja wa miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili. Baba yake alishaoa kwingine, kwa hiyo tunaishi mimi, binti na mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Majita kutibiwa kifua.

Kwetu mtu akibanwa na mafua tunapiga nyungu. Unachemsha majani ya mkaratusi na malimao, unajifunika blanketi, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke kisogoni. Sasa siku moja nikakuta kwa binti kidude cha rangi ya waridi, kirefu kama kidole, kina tundu la chaja. Nikamuuliza hiki nini? Akasema, "Ni cha mvuke, mama. Mama mdogo kanipa kwa ajili ya mafua. Nyungu ya kisasa, unachaji tu." Mama mdogo anayemsema ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana saluni mtaa wa pili, na binti huenda kwake Jumamosi kusaidia kusuka. Jamani, nilicheka! Nikasema kweli dunia imeendelea, nikakichomeka mwenyewe kwenye chaja ya simu yangu.

Miezi miwili mimi mama mtu nachaji. Asubuhi kabla sijaenda zamu namwambia, "Dude lako limejaa, usilisahau." Chumba kinanukia embe, mimi nafurahi. Mtu unayeshinda na sangara, kila chenye harufu ya tunda unakishukuru. Mama naye akaomba ajaribu, akavuta mara tatu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Hii nzuri, haichomi macho." Bibi wa miaka sabini na mbili, mgonjwa wa kifua! Nikikumbuka natamani kujitemea mate mwenyewe.

Nilikuja kujua kazini, saa ya chai. Nilikuwa nawasimulia wenzangu hiyo nyungu ya kuchaji, tena kwa maringo. Mmoja akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla. Akaniambia, "Dada, hiyo ni vepu. Ni sigara ya umeme, ina nikotini humo ndani. Mtoto wako anavuta sigara." Chai ikanishinda.

Nilirudi nyumbani na fimbo nimeshaikata njiani. Nikamkuta binti anapekua kabati, mikono inamtetemeka, maana asubuhi ile niliondoka na kidude kwenye mkoba bila kujua. Ile mikono ndiyo iliyonishinda. Nikaitupa fimbo nje, nikakaa naye kitandani, nikamwambia sikupigi, niambie yote. Akalia weee, kisha akasema. Kumbe mdogo wangu anawapa wasichana wa shule wavute wakiwa wanasukwa, maana rasta zinachukua masaa na anataka watulie kwenye kiti. Mwanzo bure, wakishazoea anawauzia. Na zile soda anazowakaribisha anazitia pombe kali kidogo, eti kichwa kisiwaume akiwavuta nywele. Watoto wa watu! Wengine wako darasa la sita, la saba, wamekuja kusukwa likizo. Ptuu! Nikamuuliza binti, mbona hukuniambia? Akanitazama, akasema, "Mama, si ulikuwa unaichaji mwenyewe? Nikajua unajua."

Kesho yake nikaenda saluni. Mdogo wangu hata hakuacha kuchana wigi. "Dada, kelele zote hizo za nini? Ni mvuke tu. Bora wavute mbele yangu mtu mzima kuliko huko vichochoroni." Mtu mzima! Anajiita mtu mzima na meno yake nje! Nikamwambia nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi. Akanijibu, "Nenda. Na ukifika mwambie nani alikuwa anakichaji." Nikapita nyumbani kwanza, mama aliposikia akaanza kulia, anasema ya ndani yaishie ndani, nisije nikamfungisha mtoto wake yeye akiwa hai.

Lakini aliyenifunga mdomo siyo hao. Ni binti. Nimempeleka hospitali, nesi kazungumza naye vizuri bila kumsimanga, saluni hakanyagi tena. Siku hizi hamu ikimpanda ananiambia mwenyewe, tunatoka tunatembea mpaka lami na kurudi. Sasa ameniambia, "Mama, nilikuambia kwa sababu hukunipiga. Ukienda kusema, wenzangu watajua ni mimi, na mimi sitakuambia kitu tena." Na namjua mwanangu, akisema amesema.

Basi nikanyamaza. Jana jirani yangu kanisimamisha getini. Binti yake ana miaka kumi na miwili, anafunga shule Ijumaa. Akaniuliza, "Jirani, huyo mdogo wako anasuka vizuri? Nataka nimpeleke mwanangu." Mdomo huu huu, ndugu zangu, ukajibu, "Anasuka vizuri sana." Akanishukuru. Nikaingia ndani nikafunga mlango, na tangu hapo siwezi kujiangalia kwenye kioo.

Nikisema nampoteza wangu, nikinyamaza nampeleka wa mwenzangu. Ijumaa ni keshokutwa. Mnaojua kulea, nielekezeni, nianzie wapi? Matusi nayastahili, tukaneni, ila na ushauri muweke.