Chombo cha Sadia

Katika mji mdogo wa Eldas, nyumba ya Qabale ilijulikana kwa lango lake. Lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na upande huo wa mji hapakuwa na jingine la namna hiyo. Aliyeligharamia ni mwanawe wa pekee, Alio, aliyekuwa akiishi ng'ambo katika mji wa baridi, akikata nyama kiwandani. Fedha alizotuma zilileta kwanza mabati, kisha saruji, kisha tangi la maji, na mwishowe lango.

Kabla ya lango, kulikuwa na maziwa. Qabale alipofiwa na mumewe, na ukame ukamaliza mifugo yake, jirani yake Sadia alimletea maziwa ya ngamia kila jioni katika chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Hakuna aliyeona ajabu. Maziwa huenda katika nyumba isiyo na mnyama wa kukamwa. Lango liliposimama, maziwa yalikoma bila ugomvi wowote. Sadia aliona tu kwamba zilikuwapo nyumba zenye dhiki zaidi. Chombo chake cha mwisho kilisalia kwa Qabale, kikining'inia ukutani. Sadia hakukidai, maana kudai chombo ni kutangaza kwamba ujirani umekwisha. Qabale naye hakukirudisha, kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo alinunua maziwa ya pakiti dukani na kuyanywa peke yake, na zikawapo siku ambazo sauti pekee aliyoisikia uani ilikuwa ya mabati yakialika kwa jua.

Mwaka huu mvua ilipokosekana tena, Alio alipiga simu.

"Mama, kiwanda kimepunguza watu, na mimi nimo. Vumilia kidogo."

"Nivumilie nini mimi? Wewe unakula?"

"Nakula. Lakini usimwambie mtu, tafadhali. Watu walichanga ngamia ili nisafiri. Mume wa Sadia alitoa dume lake zuri kuliko yote. Watasema ngamia wao wameliwa na fisi."

"Sitamwambia mtu," akasema Qabale.

Akalishika neno lake. Unga ukapungua. Maziwa ya pakiti yakaisha, na chai ikawa ya rangi. Kisha akaja Iftin, binti aliyetumwa na shirika moja kutoka Wajir kuwatafuta waliostahili msaada. Aliketi mkekani kwa adabu, kishikwambi chake magotini.

"Paa ni la nini, mama?"

"Si unaliona? Mabati."

"Una jamaa yeyote ng'ambo?"

"Mwanangu."

"Anakusaidia?"

Qabale akatazama lango. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu.

"Ni mtoto mwema," akasema.

"Mashallah! Wengi wangependa kuwa wewe, mama." Iftin akagusa kioo mara ya mwisho, akaaga.

Qabale alibaki mkekani. Alio aliwahi kumweleza kwamba kule alihesabiwa miongoni mwa maskini; kwamba alilala chumba kimoja na wanaume watatu, akivaa koti lililoachwa na mtu mwingine. Mtu yule yule, mshahara ule ule: kule ni fukara, Eldas ni tajiri. Na sasa mshahara wenyewe haukuwapo, lakini utajiri ulikuwa umebaki pale nje, umepakwa rangi ya kijani.

Alasiri moja, saa ambayo wanawake hutayarisha vyombo kabla ya mifugo kurejea, Qabale alikitungua chombo ukutani. Akakipangusa vumbi. Akachoma vijiti vya mti wenye harufu nzuri, akatia makaa ndani, akakitikisa na kukifunika. Moshi ukapita juu ya ukuta. Alijua vyema kwamba hakuna mwanamke anayefukiza chombo bila kungojea maziwa. Lakini hakuwa amemwambia mtu.

"Hodi! Mama Alio! Fungua hilo gereza lako!"

Alikuwa Sadia. Akaingia, akavuta pumzi kwa pua.

"Nimenusa, nikasema: huyu amenunua ngamia, akamwingiza kwa dirisha?"

"Nilikifukiza tu, kisiliwe na wadudu."

"Na miaka yote hiyo wadudu walikuwa wamefunga saumu?"

Wakacheka, wote wawili. Sadia akatazama meko. Akakiona kikombe kimoja, na chai nyeusi ndani yake.

"Alio hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Alhamdulillahi." Sadia akainuka, akakishika chombo. "Hiki ni changu. Nakichukua."

Akatoka nacho. Qabale aliketi akiutazama msumari mtupu, akaona kwamba alilolikwepa miaka yote hiyo amelileta kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya sala ya magharibi lango liligongwa. Chombo kilirudi kizito, povu likifika ukingoni.

"Leo yamezidi," akasema Sadia. Katika ukame ule, hapakuwa na ngamia mjini Eldas ambaye maziwa yake yangeweza kuzidi. "Kesho usifunge hili lango. Mkono wangu unauma kugonga chuma."

Qabale hakuwa amemaliza kunywa simu ilipolia.

"Umekula, mama?"

"Nimekunywa maziwa. Ya ngamia wa Sadia."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Alinusa moshi wa chombo." Akangoja, kisha akauliza, "Na wewe, jirani yako ni nani?"

"Simjui jina. Tunapishana kwenye ngazi."

"Basi fukiza kitu."

Alio akacheka kidogo. "Mama, huku ukitoa moshi wanakuja wazima moto."

"Wanakuja na maziwa?"

"Wanakuja na maji."

Qabale hakucheka. Alikitazama chombo, nusu yake bado imejaa, kisha akaitazama simu mkononi mwake. Fedha zilikuwa zimepita humo kwa miaka mingi, zikija upande huu.

"Kunywa basi, mama," akasema Alio. "Kunywa nikisikia."

Akanywa.